Khofu ya Kuazima: Muziki wa Giza na Usiku wa Muheza

Usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii husemwa kumtahadharisha mjinga, lakini siku hizi inawafaa zaidi watu wa aina mbili wanaozozana juu ya muziki. Wa kwanza ni wale wanaoukataa muziki wa giza bila ya kuusikiliza. Wa pili ni wale wanaoutunga bila ya kulijua giza lenyewe. Wa kwanza wamekosea, na kosa lao si gumu kulionyesha. Wa pili wamekosea zaidi, kwa sababu wao ndio walioshika chombo mkononi.

Muziki unaokusudiwa ni ule ambao wenyewe, kule ulikoanzia, huuita ambienti ya giza. Neno ambienti lilipata umaarufu mwaka 1978, Mwingereza Brian Eno alipotoa rekodi yake Music for Airports, akausifu muziki ambao mtu anaweza kuusikiliza kwa makini au kuuacha ukajaa chumbani kama hewa. Wengine waliuchukua mtindo huo wakauteremsha chini ya ardhi. Mwaka 1990 Brian Williams, mzaliwa wa Wales anayejiita Lustmord, alitoa Heresy, rekodi iliyojengwa kwa sauti zilizonaswa mapangoni na katika vyumba vya makaburi. Hamna ngoma humo, hamna mwimbaji, hamna kiitikio. Mna mvumo mzito unaokaribia kuzama chini ya uwezo wa sikio, mwangwi usiojulikana ulikotoka, na sauti za kawaida zilizopunguzwa kasi hata zikageuka kuwa za kiumbe asiye na jina. Kazi hiyo iliyohitaji zamani studio nzima leo inafanywa na kijana mmoja mwenye kompyuta na kinasa sauti cha mfukoni. Ndiyo maana imefika Nairobi na Kampala, na ndiyo maana haitachelewa kufika Tanga.

Walinzi wa sanaa ya pwani wana jibu tayari. Husema kwamba huu si muziki, kwa kuwa hauna neno, na sauti isiyo na neno haina adabu. Husema kwamba hauna mizani wala kituo, na kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Huongeza kwamba Mswahili ni mtu wa mapenzi, hekima na mafumbo, na kwamba utisho ni maradhi ya watu wa nchi za baridi wanaokaa gizani miezi sita. Hoja hizi husemwa kwa ufasaha, na ufasaha huo umewafanya wengi wasizipime.

Zikipimwa, hazina uzito. Hoja ya mizani imeshasikika katika pwani hii, na mwisho wake unajulikana. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kitabu hicho kikawa msahafu wa vina. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mwaka 1974, bila ya kuzifuata sheria hizo, na ukazuka ugomvi uliodumu kizazi kizima. Leo Kichomi kinasomeshwa, na mashairi ya vina hayakufa. Hali ilikuwa hiyo hiyo Tanga penyewe, vilabu vya Black Star na Lucky Star vilipolitia gitaa la umeme katika taarab. Taarab haikuvunjika. Ilimpata Shakila binti Said, na wale waliozoea fidla na kanuni tu walilazimika kukiri kwamba sauti ile imetoka pwani ile ile.

Hoja ya neno nayo haisimami. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, haikusema neno hata moja. Ilipopulizwa, watu walijua kwamba jambo kubwa limetokea. Ngoma za pepo huanza kabla ya wimbo na huendelea baada ya wimbo kunyamaza. Na perere, mnyama mdogo wa mitini aishiye katika misitu ya Usambara Mashariki na hata Unguja na Pemba, hana shairi. Mlio wake huanza kama mlango mbovu unaosukumwa polepole, ukapanda hadi kuwa yowe la mtu anayekabwa. Aliyewahi kuusikia usiku wa manane mara ya kwanza, bila ya kuambiwa ni nini, hatasema tena kwamba sauti isiyo na neno haina maana.

Ama ile hoja ya kwamba Mswahili hana utisho wake, hiyo inashangaza kuisikia visiwani. Mwaka 1995 Popobawa alipovuma Pemba na kuvukia Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi, wakakesha kando ya moto. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa akaanza safari yake katika fasihi kwa maiti iliyokutwa mahali pa mzimu. Utisho upo. Wanaousahau husahau kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi kuiuza pwani yenye mapenzi na marashi kuliko pwani inayoogopa.

Kwa hiyo muziki wa giza una haki ya kutungwa kwa mikono ya Waswahili na una haki ya kusikilizwa. Lakini haki ya kuimba haimpi mtu haki ya kuimba chochote. Nyimbo mbaya haiimbiwi mwana, wasema wazee, na ubaya wa nyimbo wakati mwingine ni uwongo wake. Hapa ndipo lawama inapowahamia watunzi.

Mtunzi anayetaka kutisha kwa mtindo unaoitwa wa Kigothi huazima vitu vile vile daima: kengele ya kanisa, kinanda cha mabomba, upepo wa kaskazini, mlango wa kasri, mbwa mwitu wa milima ya Ulaya. Huvipanga juu ya mvumo, akaongeza mwangwi, akakiita kipande hicho jina la Kiingereza lenye kaburi ndani yake. Kisha hushangaa kwamba wasikilizaji wake wa nyumbani hucheka.

Hucheka kwa haki. Vitu hivyo vilitisha kwao kwa sababu vilikuwa na wenyewe. Horace Walpole alipoandika The Castle of Otranto mwaka 1764, Mwingereza aliyeisoma alijua kasri ni nini. Ndani yake walikaa mabwana walioweza kumtia mtu shimoni bila ya hakimu, na kumbukumbu yao ilikuwa bado haijapoa. Mary Shelley alipomtunga mtu wa viungo vya maiti mwaka 1818, msomaji wake alijua kwamba madaktari wa zama zile waliuziwa maiti zilizofukuliwa usiku. Kila utisho wa Kigothi una deni la kweli chini yake. Ukiiondoa historia ikabaki kengele, hubaki kengele tu.

Tena kengele yenyewe si ngeni Muheza. Misheni ya Kianglikana ya UMCA iliweka kituo Magila katika karne ya 19, na tangu zama hizo kengele ya kanisa imekuwa ikiwaita Wabondei kwenye ibada, harusi na mazishi. Kwa bibi kizee wa Magila kengele ni sauti ya Jumapili. Mtunzi anayeitumia kama sauti ya shetani ameazima khofu ya mtu mwengine na kumtukana jirani yake kwa wakati mmoja, na hilo la pili hakulijua.

Lau angeshuka kwenye gari pale Muheza mjini, akanyamaza siku tatu, angekuta utisho ambao hauhitaji kuazimwa. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896. Mwaka mmoja baadaye, 1897, Bram Stoker alichapisha London hadithi ya Dracula anyonyaye damu. Katika pwani hii hadithi ya damu haikuhitaji mfasiri. Mumiani, neno lenye asili ya Kiajemi lililokuwa jina la dawa nyeusi kama lami, lilikwishageuka kuwa jina la khofu: watu fulani, wenye magari na vyeo, wanawakamata wapita njia usiku na kuwakamua damu itengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hii katika Afrika ya wakoloni, kilichotoka mwaka 2000, na akaonyesha kwamba uvumi ule unapaswa kusomwa kama maneno ya watu juu ya utawala uliowafyonza.

Msomaji azingatie yaliyofuata. Kule juu milimani, katika wilaya hiyo hiyo, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya Amani, ya utafiti wa mimea na kilimo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria na maradhi mengine yanayoenezwa na mbu. Miongoni mwa maradhi hayo ni yale yanayoleta matende na mabusha, ambayo pwani ya Tanga imeyajua kwa muda mrefu. Vijidudu vyake vina tabia moja: hujitokeza katika damu ya nje ya mwili usiku, na mchana hujificha. Kwa hiyo anayetaka kuvichunguza lazima atoe damu usiku. Sayansi ilikuwa ya kweli na nia ilikuwa kuponya, na ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo umesaidia kupambana na maradhi yale. Lakini mtu aliyekulia katika habari za mumiani, akagongewa mlango gizani na watu wa serikali wenye taa na vichupa, wakimwomba kidole chake, alihitaji riwaya gani ya Ulaya? Huo ndio usiku wa Muheza. Una sauti ya hodi, ya mbwa, ya sindano ikiwekwa juu ya sahani ya chuma, na ya mama akimwambia mtoto asilie.

Kuna mkonge pia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na 62 tu vilifika pwani hii vikiwa hai. Kutokana na hivyo yalienea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, hata mwaka 1964 ukazalishwa zaidi ya tani 230,000. Kwa watu walioukata, mkonge ulikuwa kitu kingine. Waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba kabla ya kuwa mtu. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku isiyotimiza kazi haikuhesabiwa. Korona, ile mashine inayosaga majani na kuacha nyuzi, ina mvumo ambao hakuna sintesaiza iliyoupata, kwa kuwa kila aliyeusikia alijua kwamba mkono ukiteleza hautarudi. Kisha nyuzi za plastiki zikaiangusha bei, na mashamba mengi yakaachwa. Majengo yamebaki, mabati yanapigwa na upepo, na safu za mkonge uliozeeka zimesimama kwenye magugu. Mtunzi wa Kigothi atafutaye magofu ana magofu, tena yenye majina ya watu walioishi humo.

Na atafutaye kitanzi pia hakosi. Katika pwani hiyo hiyo, Pangani, Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia utenzi vita ile, na utenzi huo haukuogopa kusema mambo ya kutisha kwa mizani kamili. Walinzi wa mashairi wanaosema kwamba utisho si wa kwao wanapaswa kumjibu yeye kwanza.

Hata hivyo si kila kinachotisha Muheza ni halali kuchukuliwa. Hapa ndipo penye jambo zito kuliko kengele na kasri. Mtunzi akishatoka kwenye utisho wa kuazima, kishawishi chake cha pili ni kwenda kilingeni na kinasa sauti. Tanga imeshatwishwa sifa ya uchawi katika mizaha ya nchi nzima, na Muheza imepewa fungu lake. Yowe la mwele aliyepandwa na pepo, likipunguzwa kasi na kuongezewa mwangwi, litamsisimua msikilizaji wa Berlin asiyejua ni la nani. Lakini yule mwanamke hakupiga yowe ili asisimue mtu. Alikwenda pale akiwa na maradhi, na jamaa zake wamemshika, na fundi ana swali moja analotaka lijibiwe: wewe ni nani, na unataka nini?

Swali hilo ndilo elimu yote ya khofu ya pwani. Pepo huitwa ili ataje jina. Akishataja jina hupewa alichokitaka, au hupungwa, na mwele hurudi nyumbani kwake. Ngoma haiiachi khofu ikining'inia hewani. Huileta mbele ya watu, huipa kiti, kisha huizungumza. Vivyo hivyo Bwana Msa: msomaji anaanza kwa kuuogopa mzimu, anamaliza kwa kumjua mtu aliyejificha nyuma ya mzimu. Anayelichukua yowe na kuliacha swali amebeba ganda la ibada akaacha tiba. Amefanya lile lile ambalo uvumi wa mumiani ulilishitaki: amechukua cha ndani ya mtu, gizani, kwa faida ya mtu aliye mbali.

Watatokea watakaosema kwamba sanaa ni huru, na kwamba mtunzi hawezi kutakiwa awe mwanahistoria kabla ya kubonyeza kitufe. Watasema pia kwamba sauti ni sauti, na kwamba anayeisikiliza Berlin au Wete ana haki ya kusikia anachokisikia. Uhuru huo haukanushwi. Lakini uhuru wa kuchagua una thamani kwa yule mwenye vya kuchagua. Kijana anayeijua kengele ya sinema na asiyelijua yowe la perere hajachagua kitu. Amechaguliwa na duka.

Tena si kweli kwamba matakwa haya hayawezekani, kwa kuwa wapo waliokwishayatimiza. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kwa jina la KMRU, na mjukuu wa mwanamuziki wa Kikuyu wa jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018, alipata sifa kwa rekodi yake Peel ya mwaka 2020, iliyofumwa kwa mivumo mirefu na sauti za mahali. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, akiishughulikia hazina ya sauti za Kiafrika zilizorekodiwa zama za ukoloni na kuwekwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sauti zile hazikutumiwa kama pambo. Kazi yenyewe inauliza zilichukuliwaje, na kwa nini zinakaa kule. Wawili wa Duma, Martin Khanja na Sam Karugu, nao wa Nairobi, walitoa kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mwaka 2020 huo huo, rekodi ya makelele na mayowe ambayo hakuna aliyeweza kuiita ya kuigiza. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alipotoa The Adept mwaka 2024, aliifungamanisha na kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa kike wa Mau Mau. Yowe lake lina nasaba. Anayetishika kwa yowe hilo anajua kinachomtisha, au anaweza kuuliza na akajibiwa.

Hicho ndicho kipimo, na kinawafaa walinzi na watunzi pia. Mlinzi wa mizani asiulize kama muziki huu una vina. Aulize kama, baada ya mvumo kunyamaza, msikilizaji ameongezewa jina moja la kitu alichokuwa akikiogopa bila ya kukijua. Likipatikana jina hilo, kazi imetimiza kile ambacho utenzi wa Hemedi ulitimiza kwa njia yake, na haifai kufukuzwa mlangoni kwa sababu ya nguo iliyovaa. Lisipopatikana, basi ni debe, hata likirekodiwa ndani ya mapango ya Amboni.

Na mtunzi, kabla ya kuiazima kengele ya watu, apande Amani jioni akae kimya. Giza litaingia mapema chini ya miti mikubwa. Perere mmoja ataanza, na wa pili atamjibu kutoka bonde la pili. Chini kabisa, kwa mbali, zitaonekana taa za Muheza, mji uliojengeka penye reli, mkonge na damu iliyotolewa usiku. Wazee waliogongewa milango ile wamekuwa wachache, na kila mwaka wanapungua. Kinasa sauti kikifunguliwa kwa idhini yao, na swali la kilingeni likiulizwa kwa adabu yake, Muheza itakuwa na muziki wake wa giza. Kikichelewa, kitabaki cha kunasa upepo, na upepo hauna jina.